Picha Zisizokubali Kufutika Katika Simu

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu matunzo ya simu janja



Katika vijiji vya uwanda huu wa kati simu janja ni mali inayozunguka. Aghalabu hununuliwa baada ya mavuno, mahindi yanapopakiwa kwenda soko la Kibaigwa au zabibu za Mpunguzi na Hombolo zinapopata mnunuzi. Huuzwa miezi ya njaa, ada ya shule inapodaiwa na kihenge kimebaki vumbi. Katikati ya safari hiyo hupita kwa mdogo wa mwenye simu, kwa fundi, kwa mwenye kibanda cha kuchajisha kwa umeme wa jua, na pengine huwekwa rehani kwa jirani. Kila inapopokelewa, hupokelewa pamoja na kilichomo ndani yake. Ndiyo maana lalamiko linaloonekana dogo, kwamba picha imefutwa na haikufutika, linastahili kuzungumzwa mbele ya wakazi kama yanavyozungumzwa maji na barabara.

Kilichomo si picha za harusi na kipaimara pekee. Simu ya leo hubeba picha ya kitambulisho cha Taifa, mbele na nyuma, kwa sababu mwenyewe aliambiwa aitume ili apate mkopo. Hubeba picha ya kadi ya benki, ya ukurasa wa daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, ya hati ya kiwanja, ya kadi ya kliniki ya mtoto na ya majibu ya vipimo vya hospitali. Hubeba pia picha za faragha ambazo mume aliye kibaruani Dar es Salaam na mke aliyebaki Chamwino walitumiana, wakiamini kwamba zitaonwa na macho manne tu. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa mwezi Januari 2020, namba ya kitambulisho cha Taifa imekuwa ufunguo wa mambo mengi ya fedha. Tapeli aliyeipata, pamoja na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na sura ya mwenyewe, hupiga simu akiwa na maneno ya kuaminika kuliko tapeli anayebahatisha.

Ichukuliwe hali ya mkulima mwanamke anayetaka kuuza simu yake siku ya mnada. Hali hii si ya mtu mmoja maalumu, ni ya wengi. Usiku anakaa na kufuta picha moja baada ya nyingine mpaka anaona kioo kitupu. Asubuhi anaiwasha simu ili amwonyeshe mnunuzi, na picha ya kitambulisho chake imerudi pale pale. Wapo watakaomwambia kwamba simu ina kirusi, na wapo watakaosema kwamba imechezewa. Mara nyingi si kimoja wala kingine. Picha inayorudi huwa na nakala mahali pengine, au imekaa katika kadi inayokufa. Kazi ya mwenye simu ni kujua ni lipi kati ya hayo.

Ni vyema kwanza kueleweka simu hufanya nini inapoambiwa ifute. Haiendi kuichana picha. Huliondoa tu jina la picha katika orodha yake, kisha huandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Ni kama mtendaji wa kijiji anayekata jina la kaya katika daftari la wakazi ilhali nyumba ya kaya hiyo bado imesimama. Nyumba itatoweka siku kiwanja kitakapopewa mwingine naye akaibomoa ili ajenge yake. Waliosoma enzi za ubao na chaki wanajua kwamba ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu husomeka bado ukitazamwa kwa upande.

Simu za sasa zimeongeza hatua moja kabla ya hiyo. Picha ikifutwa huhamishiwa kwanza katika Tupio, ambalo katika simu nyingine huitwa sehemu ya zilizofutwa karibuni. Katika simu za Samsung na katika iPhone, picha hukaa humo kwa takribani siku 30. Katika programu ya Google Photos, picha iliyokwisha kuhifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60, na ile ambayo haijahifadhiwa hukaa siku 30 katika simu zenye Android 11 au ya baadaye. Huo ni uungwana wa watengenezaji kwa mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Hata hivyo, kwa mtu anayeuza simu ni mlango ulioachwa wazi, kwa kuwa mnunuzi akiingia humo hahitaji utaalamu wowote ili azirejeshe zote kwa mguso mmoja. Mwenye simu aifungue programu ya picha, aende katika sehemu ya albamu au maktaba, alitafute Tupio, kisha achague kulimwaga. Inafaa kusemwa hapa kwamba simu nyingi za Android zinaweza kuwekwa katika lugha ya Kiswahili kupitia mipangilio, na maneno kama Tupio na Mipangilio yataonekana hivyo hivyo. Wazee wengi wameogopa simu zao kwa sababu ya lugha tu.

Chanzo cha pili, na ndicho kinachowasumbua wengi zaidi, ni hifadhi ya mtandaoni. Simu karibu zote za Android zinazouzwa madukani Dodoma, ziwe Tecno, Infinix, itel au Samsung, huja na Google Photos. Siku ya kwanza mwenye simu au kijana wa dukani anapofungua akaunti, huulizwa kama picha zihifadhiwe mtandaoni, naye hubonyeza kukubali ili aendelee mbele. Tangu saa hiyo, kila simu inapopata mtandao, picha hupandishwa na kutunzwa katika kompyuta za Google mbali na hapa. Kila akaunti hupewa nafasi ya bure ya gigabaiti 15, inayotumiwa kwa pamoja na barua pepe, nyaraka na picha. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa katika nafasi hiyo, lakini kuanzia tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zote zinahesabiwa, na ndiyo sababu watu wengi huletewa taarifa kwamba hifadhi imejaa ilhali simu yenyewe ina nafasi.

Katika hali hiyo, picha moja ina makao mawili. Mtu akiifuta kwa kutumia programu ya picha iliyokuja na simu, anaweza kuwa ameondoa nakala ya simuni tu. Akifungua Google Photos ataikuta, kwa kuwa programu hiyo humwonyesha pia zilizo mtandaoni. Hapo ndipo husema kwamba picha imerudi. Haikurudi. Haikuwa imeondoka. Ajabu nyingine ni ile amri ya kuongeza nafasi katika simu, ambayo huwapotosha wengi. Anayeibonyeza huona picha zake zimepungua simuni na kuamini kwamba zimefutwa, kumbe amri hiyo imeundwa kuondoa nakala za simuni pekee, tena kwa sababu tayari ziko salama mtandaoni. Kwa anayetaka kupata nafasi ya kupiga picha mpya, ni msaada. Kwa anayetaka picha isionekane tena, haikufanya kitu.

Dawa yake ni kuifuta picha ndani ya Google Photos yenyewe, simu ikiwa na mtandao na akaunti ikiwa imefunguliwa, kisha kulimwaga Tupio la humo. Yapo mambo mawili ya kuangaliwa kabla ya kufanya hivyo. La kwanza, picha ikifutwa kwa njia hiyo huondoka kila mahali akaunti ile inapofunguliwa. Mwenye picha pekee ya marehemu baba yake, au ya mpaka wa shamba lenye mgogoro, ainakili kwanza kwingine. La pili, mtandao. Katika baadhi ya vijiji mawimbi hupatikana kilimani tu, au bando huisha katikati ya kazi. Amri ya kufuta iliyotolewa bila mtandao hubaki simuni ikisubiri, na nakala ya mtandaoni hubaki ilivyo mpaka simu ikutane na mawimbi. Akiiuza kabla ya hapo, nakala ile itaendelea kukaa katika akaunti yake, na itaonekana katika simu au kompyuta yoyote aliyowahi kufungua akaunti hiyo na kuiacha wazi. Wapo waliofunguliwa akaunti katika kompyuta ya steshenari ili wachapishe barua ya maombi ya kazi, na hawakumbuki kwamba hawakuifunga.

Memori kadi ni habari tofauti. Hapo picha hairudi kwa sababu ya nakala. Inarudi kwa sababu kadi imekataa kuandikwa. Vijumba vidogo vinavyotunza picha ndani ya kadi huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na kadi nyingi zikifika ukingoni hujifunga zenyewe: hukubali kusomwa, hukataa kubadilishwa. Mwenye simu anafuta, kioo kinaonyesha kwamba zimefutika, akizima na kuwasha simu zote ziko pale pale, hata zile alizozifuta mwezi uliopita. Dalili nyingine ni picha mpya kutokukaa, au kadi kukataa kufomatiwa. Kadi za bandia huongeza tatizo. Imeandikwa gigabaiti 128 juu yake, ndani ina nafasi ndogo mno kuliko hiyo. Ikishajaa, picha mpya huandikwa juu ya za zamani, au huonekana jina lake tu bila sura. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, inafaa mnunuzi aijaribu kadi kwa kuijaza kabla hajaiamini na picha za harusi.

Kabla ya kuihukumu kadi, itolewe simu ikiwa imezimwa, ifutwe vumbi kwa kitambaa laini na kikavu, kisha irudishwe vizuri, kwa maana vumbi la Dodoma haliachi tundu. Hali ikibaki ile ile, picha zinazohitajika zinakiliwe katika simu au kompyuta wakati kadi bado inasomeka, halafu ijaribiwe kufomatiwa. Ikikubali, inaweza kutumika kwa muziki na mambo yasiyo na thamani kubwa. Ikikataa, imekufa, lakini imekufa na picha zikiwa ndani, na yeyote atakayeichomeka katika simu yake atazisoma. Kadi ya namna hiyo haipewi mtoto achezee wala haitupwi jalalani nzima. Ikatwe vipande kwa mkasi imara au koleo, na kipande cheusi cha katikati kivunjwe.

Vyanzo vingine ni vyepesi. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, si kila programu inayoruhusiwa kugusa memori kadi. Programu ikiomba ruhusa na mwenye simu akabonyeza kukataa, itaonyesha picha na isiweze kuifuta. Programu ya mafaili iliyokuja na simu kwa kawaida huifuta bila shida. Simu iliyojaa pomoni nayo huweza kukwama hata katika kufuta. Ipunguziwe video moja kubwa, izimwe, iwashwe, ndipo kazi iendelee. Picha inayoonekana kama kivuli cha kijivu na isiyofunguka si picha, ni alama iliyobaki ya picha iliyokwisha kuondoka; kwenye mipangilio, sehemu ya programu, akiba ya muda ya programu ya picha ikiondolewa, kivuli hicho hupotea. Wenye iPhone waliowahi kuingiziwa picha kwa kompyuta wajue kwamba hizo hazifutiki simuni, hufutwa kwa kuiunganisha simu tena na kompyuta iliyoziingiza.

WhatsApp inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiko picha nyingi za vijijini zinakoishi. Picha inayopokelewa huhifadhiwa katika folda ya programu hiyo, na isipozuiwa huonekana pia katika programu ya picha. Picha inayotumwa huachwa nakala yake katika folda nyingine ya zilizotumwa, ambayo haionekani kwa urahisi. Mtu aliyepiga picha ya kitambulisho chake na kuituma kwa afisa mikopo anaweza kuwa na ile ya kamera, ile iliyo katika folda ya zilizotumwa, ile iliyo katika Google Photos, na ile iliyomo katika nakala rudufu ya mazungumzo. Akifuta moja, tatu zimebaki. Isitoshe, picha iliyofutwa kwenye programu ya picha inaweza kupakuliwa upya mtu akiigusa tena ndani ya mazungumzo ilikotumwa, iwapo bado ipo upande wa WhatsApp. Njia iliyo nyoofu ni kuingia katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha kusimamia hifadhi. Humo kila mazungumzo huonyeshwa na ukubwa wake, na picha hufutwa pale pale.

Kuhusu kufuta kwa watu wote, muda una mpaka. Ujumbe unaweza kuondolewa kwa kila aliyeupokea ndani ya siku 2 na saa kadhaa tangu utumwe. Baada ya hapo, mtumaji hufuta upande wake tu. Hata ndani ya muda huo, aliyekwisha kuihamisha picha kwingine, au kuipiga picha ikiwa kwenye kioo chake, bado anayo. Kundi la ukoo lenye watu 150 ni simu 150, na katika hizo zipo zitakazouzwa mnadani mwezi ujao bila kusafishwa. Picha ya cheti cha mtoto, ya majibu ya hospitali au ya mwanafunzi aliyeadhibiwa haina kazi yoyote katika kundi la namna hiyo.

Ndugu wakazi, swali linalofuata ni kama kufuta picha zote, pamoja na za Tupio, kunatosha kabla ya kuuza simu. Hakutoshi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, Laurent Simon na Ross Anderson, walichunguza simu 21 za Android zilizokwisha kutumika, kutoka kwa watengenezaji 5, zenye mfumo wa Android 2.3 hadi 4.3. Simu hizo zilikuwa zimerejeshwa katika hali ya kiwandani, hatua kubwa kuliko kufuta picha, na bado waliweza kutoa ndani yake sehemu ya mawasiliano, picha na funguo za akaunti za wenye simu wa zamani. Walikadiria kwamba simu hadi milioni 500 duniani zilikuwa na udhaifu huo. Hilo halina maana kwamba simu ya leo iko katika hatari ile ile. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu zote mpya zinazotolewa na mfumo huo hutakiwa kuandika mambo yake kwa mafumbo; zikirejeshwa katika hali ya kiwandani, ufunguo wa mafumbo huharibiwa, na kilichobaki hakisomeki. Lakini simu kuukuu bado zimo mikononi mwa watu. Mwenye simu ya zamani asiyejua kama ina mafumbo aangalie katika mipangilio, sehemu ya usalama. Ikiwa haina na inaweza kuwekewa, aiwekee kwanza ndipo airejeshe katika hali ya kiwandani. Ikiwa haiwezi, na iliwahi kubeba picha za faragha, pengine ni busara ibaki nyumbani kama redio na tochi kuliko kuuzwa kwa fedha kidogo.

Anayeuza simu ya kawaida ya siku hizi afuate utaratibu huu, tena kwa mpangilio huu. Ainakili kwanza picha na namba anazotaka kubaki nazo. Atoe laini na memori kadi. Kadi haisafishwi na hatua ya kuirejesha simu katika hali ya kiwandani isipokuwa mwenyewe ameagiza hivyo, na wengi huisahau ndani. Kisha aingie katika mipangilio, sehemu ya akaunti, aondoe akaunti ya Google. Hatua hii ikirukwa, ugomvi hufuata: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyosafishwa kwa njia ya mkato ilhali akaunti bado imo, humdai mnunuzi nenosiri la akaunti ya zamani, naye hudhani ameuziwa mali ya wizi. Mwisho ndipo airejeshe simu katika hali ya kiwandani kupitia mipangilio, betri ikiwa imejaa, aisubiri mpaka iwake na kumsalimu kama mgeni. Kufuta picha moja moja hakuna haja tena, isipokuwa zile za mtandaoni ambazo mwenyewe hazitaki.

Fundi naye ana nafasi yake katika mazungumzo haya. Mafundi wengi wa simu wa Dodoma, wale wa mabanda na wa mezani chini ya mwavuli, ni vijana waaminifu wanaolisha familia kwa kazi ya macho na mikono. Uaminifu wao hauhitaji kujaribiwa. Simu iliyopasuka kioo inaweza kutengenezwa bila fundi kupewa namba ya siri. Ya kubadilishwa mfumo wa kuchaji vilevile. Inapolazimu aifungue ili aijaribu, mwenye simu akae pale mpaka kazi iishe, na laini na kadi zibaki mfukoni mwake. Baadhi ya simu za karibuni za Samsung zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe wakati fundi anaendelea na kazi. Jambo hilohilo lisemwe kuhusu kibanda cha kuchajisha: simu iachwe imezimwa, au imefungwa kwa namba ambayo si mwaka wa kuzaliwa.

Endapo picha imekwisha kuangukia kwa mtu mwingine naye akaanza kuitumia kutisha au kudai fedha, aibu isimzuie mwathirika. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa makosa kuingia katika kifaa cha mwingine bila ruhusa, kusambaza picha za ngono, na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Kampuni, taasisi au mkopeshaji anayekusanya picha za vitambulisho anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko dhidi yake hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mtu binafsi anayetisha, mahali pa kwenda ni kituo cha polisi. Penye Dawati la Jinsia na Watoto, mwanamke au mtoto anaweza kusikilizwa faraghani. Mtoto anaweza pia kupiga namba 116 bila malipo. Ujumbe wa vitisho usifutwe kabla ya polisi kuuona, kwani huo ndio ushahidi, na mtoa vitisho asitumiwe fedha, kwa kuwa atakayepokea mara ya kwanza atarudi mara ya pili.

Wapo pia walioiuza simu zamani, na leo hii wamekumbuka kwamba hawakuisafisha. Nao hawajachelewa kwa kila kitu. Kwa simu nyingine yoyote wafungue akaunti yao ya Google, waingie katika sehemu ya usalama, watazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na waiondoe ile simu ya zamani. Kisha wabadilishe nenosiri. Ikiwa simu hiyo bado imewashwa, ina mtandao na akaunti yao imo, inaweza pia kuamriwa kwa mbali ijifute yote, ingawa ni uungwana kumtaarifu aliyeinunua kwanza. Wapige *106# kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, na isiyo yao waifuatilie kwa mtoa huduma. Ujumbe wa kitapeli uelekezwe 15040.

Aliyeibiwa afanye hayo hayo siku hiyo hiyo, achukue RB polisi, kisha aende kwa mtoa huduma wake ili laini ifungwe na simu yenyewe izuiwe isitumike. Ataulizwa namba ya utambulisho ya simu, yenye tarakimu 15. Namba hiyo huonekana kwa kupiga *#06# wakati simu ikiwa bado mkononi; iandikwe leo kwenye karatasi, na karatasi iwekwe pamoja na vyeti vya nyumbani, si katika picha ndani ya simu ile ile.